Kabla hujasaini kwenda kusomea ubingwa wa moyo

Madaktari vijana wanaotaka kusomea moyo hunipigia simu na swali lao karibu wote ni moja: nani anatoa ufadhili? Siwalaumu. Shahada ya kwanza miaka mitano, mafunzo tarajali mwaka mmoja, uzamili miaka mitatu, halafu ubobezi miwili au zaidi. Safari yote hiyo inakula hela na inakula ujana. Ila mimi huwarudishia swali: ukimaliza, utafanya kazi gani, wapi, na nani?

Anza na wagonjwa wetu. Yuko yule dada mjamzito anayeletwa usiku, hawezi kulala chali, ameegemea mito mitatu akihema. Mlaze kidogo ubavu wa kushoto, weka upande wa kengele wa stetoskopu chini ya titi, utasikia mngurumo mzito wa chini. Mlango wa mitral, yaani vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, umebana. Koo liliuma utotoni, halikutibiwa, ikaja homa ya baridi yabisi, na sasa mimba imeuongezea moyo mzigo usioumudu. Ukienda kusoma Ulaya, wagonjwa wa namna hii utawaona kwa nadra. Huko utashinda na wazee ambao milango yao imeota chokaa. India, Cape Town au Aswan, kwenye kituo alichokianzisha Magdi Yacoub mwaka 2009, utawakuta wanaofanana na wetu. Na kupanda ndege si lazima: MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, wanafundisha ubobezi wa moyo, na tangu 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko humo humo Muhimbili, ambako milango inatanuliwa kwa puto na mishipa iliyoziba inazibuliwa kupitia tundu dogo bila kupasua kifua.

Ukiamua kwenda nje, soma barua ya udahili hadi mstari wa mwisho. Vituo vingi humpokea mgeni kama mtazamaji tu. Utavaa aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, utasimama nyuma ya watu wanne ukichungulia skrini, na mwisho wa mwaka watakupa cheti kizuri chenye lakiri. Hakuna kondakta aliyepewa leseni kwa kumtazama dereva. Uliza mapema, tena kwa maandishi: baraza la madaktari la nchi hiyo litanisajili nimguse mgonjwa? Nitafanya taratibu ngapi za tiba kwa mkono wangu, nikiwa mkuu wa meza? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kwingine. Hata kama wanatoa posho nono. Hasa kama wanatoa posho nono.

Wanaotaka upasuaji nawapa mfano wa Dk. Godwin Godfrey, aliyetoka hospitali ya Bugando, Mwanza, akasomea upasuaji wa moyo wa watoto katika hospitali ya Wolfson, Israel, kupitia Save a Child's Heart, shirika la huko linalotibu watoto wenye maradhi ya moyo. Shirika hilo halikuishia kwa daktari wa kisu. Lilifundisha pia wa moyo wa watoto, wa usingizi na wauguzi wa uangalizi maalumu. Wanajua wanachofanya. Kifua kikiwa wazi na moyo umesimamishwa, uhai wa mtoto uko kwa mtu anayeendesha mashine ya moyo na mapafu, mtu ambaye jina lake haliandikwi gazetini. Usiku wa kwanza baada ya hapo uko kwa muuguzi anayehesabu mkojo na damu ya kwenye mirija kila saa. Ukirudi bingwa peke yako, utaishia kuandika rufaa za kwenda kwa mabingwa wengine.

Namjua mmoja, hospitali yake siitaji, aliyerudi na ujuzi wa kuweka betri za moyo akakuta mtambo wa eksirei alioahidiwa umebaki kwenye makaratasi. Amekaa hivyo hadi mkono umepoa. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri, muulize naye atasaini nini. Mtambo upo au upo kwenye bajeti? Nani ataufanyia matengenezo? Puto, stenti (vibomba vya kuushikilia mshipa uwe wazi) na waya zitanunuliwa kwa fungu gani? Mganga mfawidhi mwenye nia hatakasirika kuulizwa. Mwingine atakuona mjuaji, na hapo umeshapata jibu.

Wakati unasubiri majibu ya ufadhili, kaa na mashine ya eko, ile ya kupiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti. Mwombe mkuu wa kitengo akuachie probu, kile kishikio kinachowekwa kifuani, jioni, foleni ikipungua. Anza na wagonjwa wembamba, wana picha safi. Jifunze kuutafuta mlango wa mitral kutoka kila dirisha la kifua, upime uwazi wake, kisha umwonyeshe anayejua akukosoe. Weka daftari la kila ulichopima. Siku ya usaili watakuuliza maswali ya vitabuni, halafu atatokea profesa mmoja mkimya atakayekupa probu.