Mwamba umekatika ghafla ndani ya duara, dhahabu imehamia wapi?

Swali: Shikamoo mjiolojia. Tuko Geita, duara letu (shimo la kuchimbia) lina kina cha mita 28, tulikuwa tunafuata mwamba wa kwatsi (mshipa wa jiwe jeupe gumu lenye dhahabu) unene kama shubiri moja, juzi umekatika kama umepigwa panga, mbele ni tope la kijivu linateleza tu. Jirani yetu hatua kama hamsini hivi bado anatoa jiwe zuri. Wazee wanasema dhahabu imehama, ni kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Wazee hawajakosea sana, ila kilichohama ni mwamba wenyewe, na kilichouhamisha ni ufa, folti wanaita vijana wa drilling.

Sasa nyufa ziko za aina mbili na watu wengi wanazichanganya. Kuna ule uliokuwepo kabla ya dhahabu, huo ndo bomba lenyewe. Huko Geita zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita maji ya moto yenye dhahabu yalipanda toka chini kabisa kupitia nyufa kama hizo, na hayakuacha mzigo kila mahali. Chukua chapati uichane vibaya vibaya halafu sogeza kipande kimoja kidogo pembeni, utaona kuna sehemu zinabanana na kuna kwenye kona panabaki uwazi, basi kwenye uwazi presha inashuka ghafla, kwatsi inajaa na dhahabu inabaki humo. Au maji yakigusa lile jiwe la chuma lenye mistari, salfa ya kwenye maji hayo inashikana na chuma na dhahabu inaangushwa palepale, ndo maana Geita mnaipenda ile pairaiti, jiwe la salfa na chuma linalong'aa. (Mipasuko ya mawe yetu ya Mwanza, hata pale kwenye jiwe la Bismarck ziwani, haina habari hiyo, ni mawe yamepasuka tu bila kuteleza, usije ukaanza kuchimba.)

Ufa wa kwenu naona ni wa aina ya pili, umekuja baadaye ukakata mwamba ukausogeza. Lile tope ni mawe yaliyosagwa pale pande mbili ziliposuguana. Lioshe kwenye karai, ukikuta vipande vya kwatsi yenu ndani yake basi ufa umekuja baada ya mwamba, na vile vipande mara nyingi vinaburutwa kuelekea mwamba ulikokwenda, vifuate kama mtu anafuata mahindi yaliyomwagika kwenye gunia bovu. Angalia na ncha ya mwamba pale ulipokatika, ikiwa imepinda kidogo inaelekeza hukohuko. Halafu pitisha kiganja kwenye ukuta uliosuguliwa kufuata ile mikwaruzo, upande unaoteleza laini bila kukwama ndo upande wa pili ulikoelekea, ingawa nyufa zingine zimecheza zaidi ya mara moja kwa hiyo usiamini kiganja peke yake, dalili mbili zikikubaliana ndo mchimbe.

Na hilo tope likilowa halishiki kitu, mvua za masika hizi msiligeuze njia bila matimba (magogo ya kuegemeza) ya kutosha, bora mpite kwenye jiwe gumu pembeni hata kama ni siku tano zaidi.