Barua kwa mwanangu: umeuliza futi, nakujibu mnyororo

Mwanangu mpenzi,

Assalam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea baba yako kwa sauti. Unasema wewe na mkwe wangu mmeona boti ya fibaglasi ya futi 36 inauzwa Kilifi, mnataka kuacha nyumba ya kupanga mkaishi majini, mzunguke Pemba, Unguja, Mafia na Kilwa, na siku moja mfike Ngazija, kule Komoro. Ukauliza: futi 36 zinawatosha watu wawili?

Zinatosha. Sisi tulikaa miaka tisa kwenye futi 32, na kila likizo ulikuja ukalala omo, mbele ya chombo, juu ya matanga yaliyokunjwa, hukulalamika hata siku moja. Hilo limekwisha.

Ila sikuona mahali ulipouliza kuhusu mnyororo. Neno langu unalijua tangu mdogo: chombo ni nanga. Anayezunguka visiwani husafiri saa sita, akalala siku sita. Usiku mzima roho zenu mbili zinashikwa na kipande cha chuma kilichofukiwa mchangani, na pingu moja iliyokiunganisha na mnyororo. Kwa hiyo kabla hujatazama jiko na vitanda, mwambie muuzaji amwage mnyororo wote sitahani, uupime kwa hatua. Boti ya futi 36 inataka nanga ya kilo 20 hivi na mnyororo wa milimita 10, mita 60. Huo mnyororo pekee ni kilo 130 na zaidi, ndiyo maana wengine huuza nusu yake wakidai wanaipunguzia omo uzito. Tazama pete zinapogusana, ndiko zinakoliwa. Pete iliyobaki milimita 8 imekwisha, hata ikipakwa rangi ya fedha ikang'aa. Geuza mnyororo kichwa chini kila mwaka, upande uliozoea kulala kavu nao ufanye kazi. Pingu ifungwe kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, maana parafujo ya pingu hujifungua yenyewe nanga inapogeuzwa na maji kila baada ya saa sita.

Mnyororo unamwagwa kiasi gani? Hapa ndipo watu wa huku wanapokosea, nasi tulikosea. Kanuni ni mara tano ya kina ukiwa na mnyororo mtupu, mara saba ukiwa na kamba. Lakini kina kipi? Bahari yetu wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au umepea, hupanda na kushuka karibu mita 4, na wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, mita moja tu au zaidi kidogo. Kina cha kuhesabia ni cha maji yakijaa, ukaongeza na kimo cha omo kutoka majini. Kipima kina kikisema mita 8 maji yamekupwa, wewe hesabu 8, na 4, na 1: mita 13. Mara tano ni mita 65. Mnyororo ukiisha kwenye 60, sogea kwenye kina kidogo au ongeza kamba.

Mwezi ulikuwa wa siku kumi na nne, katikati ya majira ya kusi, upepo wa kusini, tumetia nanga karibu na Kisiwa cha Fundo, Pemba. Tuliingia saa nne asubuhi. Saa hiyo ni nzuri kwa kuona miamba, lakini siku za bamvua ndiyo saa maji yanapokupwa kabisa. Kipima kina kikasema 8. Baba yako akamwaga mita 32, mara nne ya nane. Nikamwambia, "Ongeza kumi." Akasema inatosha. Saa kumi jioni maji yakajaa, nanga ikashika, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi, nami nikanyamaza. Saa kumi alfajiri maji yakajaa tena, safari hii upepo wa kusi umekaza. Mita 32 juu ya 13 si hata mara mbili na nusu. Mnyororo ukanyanyuka kutoka chini, ukaivuta nanga kwa juu badala ya kuivuta kwa ubavu, ikang'oka kama muhogo. Tulipoamka usukani ulishapiga mwamba.

Hilo unalijua nusu. Unajua usukani ulivunjika, unajua tulikaa Wete wiki tatu tukingoja fundi achonge mwingine wa mvule. Usilolijua ni kwamba mpaka leo siuoni ule usukani, najiona mimi saa kumi jioni, nimekaa tezi, nyuma ya chombo, na kikombe cha chai, nimenyamaza. Winchi nilijua kuizungusha. Mita kumi ni kazi ya dakika moja. Nilijua hesabu yangu ni sahihi, na nikaona haya kuirudia mbele ya mume wangu aliyezaliwa mashuani. Wavuvi walikuja kabla ya jua kutoka. Wakaichukua nanga yetu ya pili kwa ngalawa, wakaitia mbali kwenye kina, wakatuambia tukaze kamba na kusubiri. Bahati yetu, bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kupea, basi maji ya jioni yalizidi ya alfajiri kwa shubiri moja, tukaelea. Tungepanda mwamba siku mbili baadaye, kila maji yanayokuja yangekuwa pungufu ya yaliyopita, na tungekaa pale nusu mwezi tukipigwa na mawimbi. Wale wavuvi hawakutaka hata mafuta ya taa. Walikunywa chai wakaenda kutazama madema yao ya samaki.

Kwa hiyo swali ninalotaka ulijibu wewe ni hili: kwenye hiyo boti, nani mwingine anajua? Mkwe wangu nampenda, na najua amepata vyeti vyake. Wewe unajua kuwasha injini, kushusha tanga, kugeuza boti ukamrudia mtu aliyeanguka majini, uko peke yako? Kama hujui, basi boti hiyo ina nahodha mmoja na abiria mmoja, na nahodha akipata homa Mafia mtakuwa abiria wawili. Badilishaneni kazi kila siku. Leo yeye usukani wewe nanga, kesho kinyume. Kubalianeni ishara za mikono, kwa sababu kelele za injini zinameza sauti na kupayukiana omo na tezi kunaharibu ndoa haraka kuliko ufinyu wa chumba: kidole kielekezwe mnyororo ulipo, ngumi ni simama, kiganja nyuma ni rudi. Nanga ikigusa chini, rudisha boti polepole huku mnyororo ukimwagwa, kisha kaza injini nyuma mpaka mizunguko 2000 kwa dakika, ushikilie hapo nusu dakika, ukitazama mnazi na paa la nyumba nyuma yake. Vikiachana, nanga inakokota. Visipoachana, vaa miwani ya kuzamia ukaitazame. Na fungeni kamba ya nailoni ya mita 8 kwenye mnyororo ivute badala ya winchi, la sivyo winchi itang'oka na ubao wake.

Chombo ni nanga, nimeshasema. Lakini boti ya kuishi huzamishwa na vitu vya chini ya maji pia, basi nikwambie na hivyo.

Boti ya fibaglasi ya ukubwa huo ina matundu manane mpaka kumi na mawili chini ya maji: ya choo, ya sinki, ya injini. Yahesabu yote. Kila valvu ifunguke na kufunga kwa mkono. Shaba ikiwa na rangi ya waridi, zinki yake imeshaliwa na maji ya chumvi. Igonge kwa nyundo ndogo, ikitoa sauti butu au ikimeguka, usiishushe boti majini mpaka valvu ibadilishwe. Kila mpira wa bomba uwe na klipu mbili. Kando ya kila valvu fungeni kwa uzi kizibo cha mti laini, ili siku ikivunjika msikitafute gizani.

Injini: kila ikiwashwa chungulia nyuma kama maji yanatoka kwenye ekzosi. Yasipotoka, zima. Mara nyingi ni yale mapanga ya mpira ndani ya pampu ya maji ya chumvi. Badilisha kila mwaka, beba matatu. Likikatika panga, usitie jipya ukafurahi. Vitafute vipande vyote, maana vinakwenda kuziba njia ya kupoza na injini itachemka tena. Dizeli ya madumu ichujwe, na tanki likae limejaa, kwa sababu tanki tupu usiku hutoa jasho na maji hayo hukaa chini.

Umeme: paneli za wati 400 zinawapa kama ampea-saa 110 kwa siku ya jua. Friji ya boti kwenye joto letu inakula 40 mpaka 60. Betri za asidi za ampea-saa 200 tumieni 100 tu, mkizimaliza zaidi ya nusu kila siku hazitafika mwaka wa pili. Maji: lita 5 kila mtu kwa siku za kunywa na kupika, jumla lita 15 zenu wawili mkioga kwa kikombe. Tanki la lita 200 ni siku 13. Masika na vuli tandazeni turubai, ila mvua ya dakika kumi za kwanza iachieni iende, inaosha chumvi.

Nyaya za mlingoti tazama zinapoingia kwenye vichwa vyake vya chuma. Uzi mmoja ukikatika, waya wote umekufa. Zikipita miaka kumi, hesabu bei ya mpya ndani ya bei ya boti.

Na njia. Kutoka Tanga kwenda Wete ni kama maili 35 za bahari. Wakati wa kusi mkondo wa mlango wa bahari kati ya bara na Pemba unakwenda kaskazini maili mbili kwa saa, siku nyingine tatu. Mkienda maili tano kwa saa ni saa saba, na mbili mara saba ni maili 14. Anayeielekeza omo Wete moja kwa moja atajikuta amepita Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, na Pemba yote iko kusini mwake. Elekeza kusini ya Wete, ukirekebisha kila saa. Mafia na Kilwa shukeni na kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba mpaka Machi, mrudi na kusi. Kati ya visiwa ingieni jua likiwa juu na nyuma yenu, mmoja asimame juu amevaa miwani ya kukata mng'ao: kahawia ni mwamba, kijani mchanga, buluu kina. Ramani za simu ziongeze akili tu, baadhi zimechorwa kabla ya satelaiti. Usiku msitembee, nyavu na ngalawa hazina taa.

Ngazija ndiko kunakonitia wasiwasi. Kaskazi ndiyo inayosaidia kushuka huko, na kaskazi ndiyo majira ya tufani kule. Tufani Kenneth ilipita kaskazini mwa Ngazija Aprili 2019, Chido ikaipiga Maore (Mayotte) Desemba 2024. Zamani tulisema kwetu hazifiki, lakini Unguja ilipigwa Aprili 1872, na Hidaya ilitua Mafia Mei 2024. Basi ni Oktoba na Novemba, siku za tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, upepo mdogo na dizeli nyingi. Au msiende. Hapana, nendeni, ni karibu mno kutokwenda. Lakini si mwaka wa kwanza.

Makaratasi usiyapuuze. Boti nyingi za wageni huingia kwa kibali cha muda bila kulipiwa ushuru. Mgeni akimuuzia mwenyeji, ushuru unadaiwa. Muulizeni muuzaji hilo kwa maandishi. Usajili Tanzania Bara ni TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, Zanzibar ni ZMA, mamlaka yao ya usafiri baharini.

Najua unangoja niseme nunua au usinunue. Jana usiku nilikuwa na jibu, nimelala nalo, asubuhi nikaona ni la kwangu na si la kwako. Nilisema moyoni msinunue, kwa sababu ya ule usukani. Halafu nikakumbuka asubuhi za Chole, kule Mafia, maji yametulia mpaka unaona nanga imelala, baba yako anakaanga mihogo, na redio inasoma vifo vya Tanga. Sijapata nyumba ya nchi kavu iliyonipa asubuhi kama zile. Nina upande, na unajua ni upi, lakini siusemi mpaka nimeona mnyororo.

Kwa hiyo Jumamosi mkienda Kilifi, chukua kipimo cha fundi chuma. Nipigie picha pete ya kwanza kwenye nanga, pete ya katikati, na ya mwisho kule chini sandukuni, ile isiyoona jua. Mwambie mkwe wangu akuachie winchi uizungushe mwenyewe. Baba yako anakusalimu sana, anasema niongeze kwamba mita 32 zilikuwa 35. Zilikuwa 32.

Mama yako,
Ras Kazone, Tanga