Fomu Ikishatumwa, Miche Inabaki

Februari moja niliteremka hadi ukingo wa mkono wa bahari hapa Mtwapa nikakuta kitalu cha mikoko cha wanafunzi wangu kimekufa. Mbuzi walikuwa wamekula miche ya mchu, na ile ya mkoko ilikuwa imelala, imezongwa na karatasi za plastiki. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu akaniuliza, "Mwalimu, wanao wamekwenda wapi?"

Walikuwa wametuma maombi ya vyuo. Nilikuwa nawasaidia vijana wanane waliomaliza kidato cha nne, wakijiandaa kuomba nafasi Marekani. Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi vya huko huitumia kwa pamoja, ina nafasi 10 za shughuli za nje ya darasa, na kila shughuli huelezwa kwa herufi zisizozidi 150. Vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari. Ilipotumwa fomu ya mwisho, hakuna aliyeshuka tena pwani.

Niliwakasirikia. Baadaye nikakumbuka swali nililokuwa nikiwauliza kila Jumamosi: "Hili utaliandikaje?" Sikuwahi kuwauliza kama miche imeshika. Mtoto husikia mkubwa anachokiuliza, akajua ndicho chenye thamani.

Kwa hiyo, mlezi mwenzangu, anza kwa kubadilisha swali. Mwaka uliofuata nilianza kuuliza: wiki ijayo usipokwenda, nani atapungukiwa? Wawili hawakuwa na jibu, nikawaachilia kwa moyo mweupe. Kumlazimisha kijana abaki kwenye mradi asioupenda ni kumfundisha kuigiza. Msichana mmoja alijibu mara moja: watoto sita wa jirani aliokuwa akiwasomea hadithi barazani kwao. Hao sita walimtosha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma awe na 60, kwa kuwa 60 ingependeza kwenye fomu.

Hapo ndipo penye kazi kubwa: kuupunguza mradi mpaka ulingane na maisha ya kijana baada ya maombi. Kati ya Januari na safari ya Agosti kuna miezi kama saba, nayo hujaa kozi ya kompyuta, udereva, vibarua na wasiwasi wa majibu ya Machi. Kitalu cha pakiti 1,000 hakiwezi kuishi humo, lakini cha pakiti 80 kinaweza. Mvulana aliyekifufua kile chetu alichagua siku mbili tu kwa mwezi, akizifuata bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, kwani maji yakipwa sana ndipo tope hupitika na kaa wanaokata miche huonekana. Kila alichokiona alikiandika kwenye daftari: miche iliyokufa, iliyotoa majani, tarehe ya maji.

Niliwapeleka Gazi, kule Kwale, kwenye mradi wa Mikoko Pamoja, ambamo wanakijiji huhifadhi mikoko, wakauza hati za karboni, yaani hewa ya ukaa ambayo miti hiyo huifyonza, na mapato yakalipia maji na vitabu vya shule. Nilitaka wawaone akina mama na wazee ambao ufuo huo ndio kwao. Vijana walinyamaza njia nzima ya kurudi, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, sisi hatukumwambia hata yule mzee wa wavu tunapanda nini."

Basi tulikwenda kumwambia, miezi mitano kabla ya safari. Ukingoja wiki ya kuaga, utamkabidhi mtu mzigo asioujua. Mrithi anahitaji kufanya kazi na mwenye mradi, wakosee pamoja, wagombane kidogo.

Na wazazi, nauli ya matatu ya kwenda kwenye mradi mwezi Machi ina uzito uleule wa ile mliyotoa Oktoba. Mama mmoja aliniambia, "Kwani si wameshamaliza?" Nilimwomba ashuke pwani na mwanawe mara moja. Alirudi na tope magotini, akiuliza mchu na mkandaa hutofautishwaje.

Kijana yule wa daftari aliondoka Agosti. Daftari la maji analiandika dada yake mdogo wa gredi ya 8, na mzee wa wavu ndiye anayefukuza mbuzi.