Kukabiliana, kuhimili au kupunguza: tuandikeje katika mpango wa mikoko?

Swali: Mimi ni ofisa katika mradi wa usimamizi wa mikoko katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Tunaandika mpango wa miaka mitano na tumegawanyika kuhusu maneno. Wengine huandika "kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi", wengine "kuhimili", wengine "kustahimili", na mwenzetu mmoja anapendelea "kuzoea". Yupo pia anayeandika "kupunguza athari". Je, maneno haya yana maana moja? Na je, tuandike tabianchi, tabia nchi au tabia ya nchi?

Jibu: Ndugu msomaji, maneno hayo hayana maana moja. Katika mpango wa maliasili tofauti zake zinagusa fedha, kazi na wajibu wa watu, kwa hiyo mmefanya vyema kuulizana kabla waraka haujasainiwa.

Kukabili ni kukielekea kitu uso kwa uso, na ndiyo maana kukabiliana ni neno pana mno. Anayezima mtambo wa umeme unaotumia makaa ya mawe anakabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Anayehamisha kisima chake kwa sababu cha zamani kimeingiwa na maji ya chumvi naye anakabiliana nayo. Kazi hizo ni mbili kabisa. Wa kwanza anashughulikia chanzo, yaani gesijoto, zile gesi zinazorundikana angani na kuifanya dunia ishike joto, na wa pili anajipanga aweze kuishi na matokeo ambayo tayari yamemfikia. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, makubaliano ya mataifa kuhusu tabianchi, nao unazishughulikia kazi hizo katika vifungu tofauti. Basi litumieni neno kukabiliana pale mnapotaka kuzitaja zote mbili kwa pamoja, na msilitumie pale mnapokusudia moja tu.

Kwa ile kazi ya pili ninashauri kuhimili, ambalo pia limekwisha kuzoeleka katika nyaraka nyingi za serikali ya Tanzania. Neno hili limo katika ukoo mmoja na himila, hamali na mhimili: kote mna wazo la kubeba uzito. Kuhimili ni kubeba mzigo bila kuvunjika. Uzuri wake kwa mwandishi wa mpango umo katika sarufi yake, kwa kuwa kitenzi hiki hudai yambwa, yaani kile kitu kinachotendwa. Ukisema "kijiji kitahimili", msikilizaji atauliza mara moja: kitahimili nini? Jibu la "mabadiliko ya tabianchi" halimtoshelezi, maana hakuna mkulima wa mpunga anayeamka asubuhi akakuta mabadiliko ya tabianchi shambani mwake. Anachokikuta ni chumvi iliyopandishwa na bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida), au mvua za vuli zilizokatika kabla mpunga haujatoa masuke. Andikeni hayo. Kila mahali mlipoandika "kuhimili mabadiliko ya tabianchi" jaribuni kuweka badala yake jina la jambo lenyewe. Mkishindwa kulipata, basi tatizo halimo katika lugha, ni mpango wenyewe ambao bado haujajua unapanga nini.

Sasa nije kwenye "kupunguza athari", ambapo nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona madhara makubwa zaidi. Katika tafsiri nyingi maneno haya yamefanywa kuwa jina la kazi ya kwanza, ile ya kushughulikia gesijoto. Lakini msemaji yeyote wa Kiswahili akisikia "kupunguza athari za mabadiliko ya tabianchi" anaelewa kwamba mabadiliko yapo na tunayapunguzia makali yake, na hiyo ndiyo kazi ya pili, yaani kuhimili. Maneno yaleyale yanabeba maana mbili zinazopishana, na jedwali la bajeti lenye safu mbili, "kuhimili" na "kupunguza athari", linamwacha mwenyekiti wa kijiji asijue kazi yake iandikwe wapi. Dawa yake si ngumu: semeni kinachopunguzwa. "Kupunguza gesijoto" au "kupunguza utoaji wa gesijoto" hakuna anayeweza kuyaelewa vingine.

Mikoko ni mfano mzuri wa umuhimu wa tofauti hii, kwa kuwa inafanya kazi zote mbili. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja huuza hati za hewa ya ukaa, yaani gesijoto kuu, iliyohifadhiwa katika mikoko, na mapato huingia katika mahitaji ya jamii kama maji na shule. Huko ni kupunguza gesijoto. Mikoko hiyohiyo huvunja nguvu ya mawimbi na kuwapa samaki wachanga mahali pa kukulia, na huko ni kuhimili. Mpango wenu unaweza kutaka yote mawili, lakini lazima useme lipi ni lipi, maana hekta inayofaa kwa hesabu ya hewa ya ukaa si lazima iwe ndiyo inayokinga makazi ya watu.

Kustahimili ni ndugu wa kuhimili, ila hubeba zaidi maana ya subira. Mtu hustahimili njaa, msiba au maneno ya jirani. Boriti huhimili paa. Mpaka huo si ukuta, kwani sote tunasema "mbegu zinazostahimili ukame" na hakuna kosa, na nomino ustahimilivu imekubalika kwa ule uwezo wa kupata pigo kisha kurudi katika hali nzuri. (Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa hutumia pia mnepo, kutokana na kunepa, na ninalipenda neno hilo ingawa vijijini bado ni geni.) Hata hivyo, sentensi inayosema kwamba wanavijiji "watastahimili mafuriko" inaweza kusomeka kama inawaambia wavumilie tu, nami nisingependa waraka wa mradi uwaambie watu hivyo.

Kuzoea silipendekezi hata kidogo. Mtu huzoea kitu kwa kupita muda tu, bila kutenda lolote, ilhali mpango ni orodha ya matendo. Wafugaji na wakulima wa Shinyanga hawakuuzoea ukame. Walikuwa na ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi majani yanapoadimika, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulijenga juu ya desturi hiyo. Hapo kuna kanuni, kuna msimu, kuna mwenye kuamua lango lifunguliwe lini. Kitenzi chake ni kuhimili, na yambwa yake ni ukame.

Kuhusu tahajia, jibu ni fupi: andikeni tabianchi, neno moja. "Tabia nchi" inakosa kiunganishi, na "tabia ya nchi" inaweza kueleweka kama mwenendo wa taifa. Tabianchi hupimwa kwa miaka mingi, kwa kawaida 30, wakati hali ya hewa ni ya leo, ya wiki hii au ya msimu huu. Mafuriko yaliyoikumba Rufiji na Kibiti Aprili 2024 yalikuwa tukio la hali ya hewa. Mabadiliko ya tabianchi huonekana katika mwelekeo wa matukio kama hayo kwa miongo. Vilevile msiitwishe tabianchi kila lawama. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linabadilisha namna maji yanavyoshuka hadi kwenye delta, na mikoko iliyofyekwa kwa ajili ya mpunga ilifyekwa na panga. Mpango unaochanganya sababu hizi utachagua dawa isiyo yake.

Umeniambatanishia pia sentensi hii: "Mradi utakabiliana na mabadiliko ya tabianchi kupitia upandaji wa mikoko na ujengaji wa uwezo wa jamii." Sentensi haina kosa la sarufi, lakini haina mtu, mahali wala wakati, na neno mikoko lenyewe limeficha miti mingi. Watu wa delta wanaitofautisha: mlilana husimama upande wa bahari ambako maji hufika kila siku, mkandaa hukaa ndani zaidi ambako maji hufika kwa nadra, na wapo mchu, msinzi, mkomafi na mkoko wenyewe. Kupanda mti mmoja popote kwenye tope ni njia ya uhakika ya kuupoteza. Tena bahari inapopanda, mikoko huhitaji nafasi ya kurudi nyuma kuelekea nchi kavu, na nafasi hiyo hupotea pakijengwa au pakilimwa. Ningeiandika hivi: "Kwa kuwa maji ya chumvi sasa hufika katika mashamba ya mpunga wakati wa bamvua, kamati ya maliasili ya kijiji, pamoja na wakulima wenyewe, itaainisha mashamba yaliyoachwa, itafungua njia za maji zilizozibwa ili mikoko iote yenyewe, itapanda mkandaa na mchu pale tu ambapo haioti, na itatenga ukanda wa nyuma usiojengwa wala kulimwa, ukaguzi utafanyika kila mwaka baada ya masika." Ni ndefu kuliko yenu, lakini mwanakijiji akiisoma anaweza kuipinga, na mpango unaoweza kupingwa na wanaohusika ndio unaoweza kurekebishwa mapema.

Ikiwa jina la mradi lenye "kukabiliana" limekwisha kuingia katika mkataba na wafadhili, liacheni kwenye jalada. Katika ukurasa wa kwanza elezeni kwa sentensi mbili kwamba kukabiliana kunajumuisha kuhimili na kupunguza gesijoto, kisha ndani ya waraka mtumie kila moja mahali pake.