Nilisoma falsafa, na ndo inayonilisha hapa Mombasa

Jumatatu iliopita nimepewa kuongoza dawati la madai, yaani mambo ya kudai na kudaiwa, pale kazini, na kabla sijamaliza kuwaambia wa nyumbani ikaingia meseji ya binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, asoma falsafa. Asema aliomba sheria lakini pointi hazikufika, KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo na kozi, wakampeleka falsafa, na sasa babake amemwambia ahame kozi ama ajitafutie karo mwenyewe. Swali lake lilikua moja tu: "Dada, nyie mliomaliza mlienda wapi?"

Wallahi sikulala vizuri. Manake swali hilo nalijua, niliulizwa mimi 2013, tena mbele za watu.

Siku nilorudi Kisauni baada ya mahafali mamangu alipika biriani, majirani wakaja, Ami yangu mkubwa akaja, watu wamekula wameshiba ndo akanigeukia akasema kwa sauti, "Haya mwanangu, sasa hiyo falsafa utampikia nani?" Nyumba nzima ikacheka. Mamangu hakucheka. Alinyanyua sinia lililokua bado lina wali, akaingia nalo jikoni na hakutoka tena mpaka wageni wameondoka. Kile kicheko nimeshakisamehe, lakini mgongo wa mamangu ukiingia jikoni bado nauona mpaka leo.

Alafu zikaja intavyuu. Ofisi moja hapa mjini, siitaji, mkubwa mmoja aliishika CV yangu akamwonyesha mwenzake kwa kidole pale palipoandikwa falsafa, wakatazamana, akaniambia "sisi hapa twataka watu wa kazi." Nilitoka nikatembea kwa miguu hadi Buxton sijui hata barabara nimezivukaje. Nikiwa na digrii yangu na deni la HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo.

Lakini ya Mungu mengi, nikapata ukarani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Shimanzi, kazi yenyewe ni kupeleka makaratasi na kurudi. Miaka miwili ya kwanza naiwacha, ilikua foleni na mihuri.

Nataka nikwambie ya mwaka wa tatu. Mteja mmoja alikua na kontena 14 za vigae kutoka China. Kampuni ya meli ikaleta bili ya demareji, yaani ile pesa unayotozwa ukikaa na kontena zao kupita siku za bure, dola 40 kwa kila kontena kwa kila siku, siku 3. Piga hesabu, dola 1,680. Ofisini kila mtu yuwatafuta risiti, lori lilitoka saa ngapi, nani alichelewa, watu washaanza kutupiana lawama na mteja yuwapiga simu kila baada ya nusu saa. Mie nikaomba karatasi ya masharti, nikakaa nikaisoma. Pale pameandikwa siku za bure zahesabiwa tangu mzigo kuteremshwa. Nikauliza, mzigo upi? Kontena zetu ziliteremshwa siku ya kwanza, lakini meli yenyewe ilimaliza kuteremsha siku tatu baadaye. Neno moja, tarehe mbili! Nikachimbua faili za nyuma nikapata bili zao wenyewe, tano, zote walihesabu tangu meli imalize. Basi nikaandika barua ya ukurasa mmoja: ikiwa neno hili lina maana ile mliotumia kwenye bili hizi tano, hatudaiwi kitu, na ikiwa sasa lina maana nyingine, tuonyesheni ni wapi mlitwambia. Siku ya nane bili ikafutwa yote.

Bosi akaniita akaniuliza mambo haya umejifunzia wapi. Nikamwambia darasani, kwenye somo la mantiki. Sikuona haya kulitaja, na ilikua mara ya kwanza tangu nimalize chuo.

Manake ndivyo ilivyokua. Mwalimu wetu wa mantiki alikua akiandika sentensi moja ubaoni na saa nzima twaihangaikia hiyo hiyo, hili neno hapa juu na hili hapa chini ni kitu kimoja ama limebadilika maana njiani? Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliandika kosa hili la neno kubadilika maana zaidi ya miaka 2,300 iliopita, na kwenye orodha yake ya makosa ya hoja yanayotokana na lugha ndilo aliloliweka la kwanza. Wakati ule nilidhani ni mambo ya mitihani tu. Kumbe nusu ya ugomvi wa bandarini, na wa bima, na wa kodi, na wa mikataba ya nyumba, ni neno moja watu wawili wamelishika kila mmoja na yake.

Na usikubali mtu akwambie haya ni mambo ya Wazungu. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na akafariki 1995, alikwenda vijijini kuhojiana na wazee ambao hawakupitia vyuo, na akatofautisha mzee anayerudia yale jamii isemayo na mzee anayeyapima kwa akili yake kisha akasema hili sawa na hili si sawa. Na hapa kwetu Mombasa? Mtafiti Mjerumani Kai Kresse alitoa kitabu kizima 2007 kuhusu fikra za watu wa mji huu, akina mshairi Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir na utenzi wake wa utu, na Sheikh Abdilahi Nassir. Yaani mgeni alikuja akakaa na wazee wetu akaona wanafalsafa, na sie tulikua tukiwapita kila siku pale barazani na salamu tu.

Hiyo tofauti ya Odera Oruka mie naiona ofisini kila siku. Wanaojua utaratibu ni wengi sana, fomu hii yaenda pale, muhuri huu waja kwanza. Lakini siku utaratibu ukigoma, mfumo wa forodha umekataa, mteja analia, hapo ndo yuwatafutwa mtu wa kuuliza kwani hii sheria imewekwa kwa sababu gani, na mtu huyo ni nadra, na tangazo la kazi la kumtafuta hutaliona likiandikwa "twataka mwanafalsafa". Utaingia kwa mlango mwingine. Mlango mdogo, pengine wa kuudhi.

Sasa nijibu swali la binti. Tulienda wapi? Mmoja ni wakili, alisoma sheria baadaye na asema hoja alikwenda nazo tayari. Mmoja yuko redioni, akihoji wanasiasa hamwachii mtu mpaka aseme "maendeleo" ni kitu gani hasa. Mwengine yuko benki, kitengo cha kuangalia kama sheria zafuatwa. Mwengine alijifunza kuandika programu za kompyuta, asema ile "ikiwa hivi, basi vile" alishaizoea kwenye mantiki. Wengine walimu. Na wako ambao bado wanatafuta, siwezi kukudanganya. Huko nje pia, Stewart Butterfield, mmoja wa walioanzisha Flickr, mtandao wa picha, na Slack, programu ya kuandikiana kazini, alisoma falsafa, Kanada kisha Cambridge, na Slack ikanunuliwa na kampuni ya Marekani Salesforce 2021 kwa karibu dola bilioni 27.7.

Lakini mdogo wangu nisikilize vizuri, falsafa peke yake haikutosha kwangu. Nilikwenda kufanya kile cheti cha forodha cha Afrika Mashariki, EACFFPC, nikiwa nafanya kazi mchana, kwa sababu mwajiri haoni akili yako, aona karatasi kwanza. Shika kitu cha mkono pamoja na hicho cha kichwa. Na soma sana mantiki, usiikimbie eti ngumu, na jizoeze kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, ukurasa mmoja tu, na kila unapopewa karatasi uliza hili neno hapa lamaanisha nini. Narudia, uliza neno lamaanisha nini. Vijana wengi mwaona haya kuuliza, mwaogopa kuonekana hamjui, kisha mwatia sahihi mambo ambayo hamjayaelewa, na wazazi nao wawakatisha watoto tamaa kwa kozi ambazo hawajawahi kuuliza zafundisha nini. Hilo la wazazi laniuma. Mwambie babako kwa heshima, muombe akae nawe aone unachosoma, mfungulie daftari.

Mamangu nilimwambia ile Jumatatu usiku. Akauliza dawati la madai ni kitu gani, nikamweleza taratibu, na ya kontena za vigae nikamweleza upya. Akanyamaza. Alafu akasema Jumapili hii atapika biriani, na nimpigie Ami mimi mwenyewe nimwalike.