Ukianza dawa za TB au kifafa, usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango

Wanawake wengi huogopa kwamba amoksilini, dawa ya kuua bakteria, itaua nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Haiui. Metronidazoli haiui, doksisaiklini nayo haiui. Maliza dozi yako na uendelee kumeza kidonge chako kila siku saa ile ile. Cha kuangalia ni tumbo. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine mara moja. Ukiharisha sana kupita saa 24, hesabu kila siku ya kuharisha kuwa siku uliyosahau kidonge, na mtumie kondomu mpaka umalize vidonge vya homoni siku 7 mfululizo baada ya tumbo kutulia.

Dawa ya kuogopwa ni rifampisini, ile ya TB inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Ini ndilo linalovunja homoni za kidonge. Rifampisini hulichochea litengeneze vimeng'enya vingi, homoni zikavunjwa upesi na yai likapata nafasi ya kutoka. Kwa matibabu ya kawaida ya miezi 6, rifampisini imo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na ini huchukua wiki 4 nyingine kutulia. Kwa hiyo panga njia nyingine kwa miezi 7. Usijiongezee kidonge cha pili ukidhani utafidia. Vijiti vya mkononi navyo hudhoofishwa. Sindano ya miezi mitatu haidhoofiki, na huchomwa kwa tarehe zake zile zile. Kitanzi cha shaba nacho hakina homoni ya kuvunjwa.

Kabamazepini, fenitoini na fenobabito za kifafa hufanya vivyo hivyo, na hizi mtu hunywa miaka. Kondomu peke yake kwa miaka yote hiyo ni mzigo. Ni heri sindano au kitanzi. Kamwe usiache dawa ya kifafa ili kulinda kidonge. Wala usikimbilie valproeti kwa sababu tu haigombani na kidonge: mimba ikiingia, inaweza kumlemaza mtoto.

Lamotrijini, nayo ya kifafa, mambo yake ni kinyume, na hapa hata wahudumu hujisahau. Kidonge chenye estrojeni ndicho kinachoipunguza dawa hiyo mwilini, pengine hadi nusu, degedege likarudi. Ukifika kwenye vile vidonge 7 vya kahawia vya madini ya chuma, visivyo na homoni, dawa hupanda tena na kizunguzungu kikaja. Daktari apange upya dozi kabla hujafungua pakiti ya kwanza.

Kwa anayetumia ARV, dolutegraviri haina shida. Efavirenzi inayo, hasa kwa vijiti: wapo wanawake waliopata mimba vikiwa mkononi.

Kidonge cha dharura cha levonojestreli miligramu 1.5 nacho hupungua nguvu ukiwa kwenye rifampisini, efavirenzi, kabamazepini, fenitoini au fenobabito, au kama umeziacha ndani ya wiki 4. Kitanzi cha shaba ndani ya siku 5 baada ya tendo ndicho kinga ya uhakika zaidi. Kikikosekana, muulize mhudumu kuhusu kumeza levonojestreli miligramu 3 kwa mara moja.

Ukienda kituo cha afya beba pakiti zote, hata za dawa ulizonunua dukani, na dawa ya miti shamba uitaje. Nesi wa TB mara nyingi hakai chumba kimoja na nesi wa uzazi wa mpango, na usipomwambia wewe, huenda hatajua. Damu ya matone ikianza kutoka katikati ya pakiti baada ya kupewa dawa mpya, anzeni kondomu siku hiyo hiyo, kisha urudi kituoni upimwe mimba.