Kabla ya kununua kinara cha fedha, kipindue

Vinara vyangu vya kwanza vya fedha nilivinunua London kwa sababu vilikuwa vizito. Nilivipokea, mkono ukashuka, nikajua nimepata. Nyumbani nilibandua kitambaa cha kijani kilichogundishwa chini ya kitako, nikakutana na plasta. Fedha ilikuwapo kweli, ila nyembamba kama ganda la yai. Uzito nilioulipia ulikuwa wa plasta.

Tangu siku hiyo nakipindua kinara kwanza, ndipo nauliza bei.

Vya mwanzoni mwa karne ya 18 vilisubiwa: fedha iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu, shina likatoka vipande viwili, vikaungwa. Chini pako wazi, unaiona fedha yenyewe, na ukipitisha ukucha ubavuni mwa shina, mara nyingine unaugusa mstari wa kiungo. Miaka ya 1770 mafundi wa Sheffield, Uingereza, walikuwa wakikandamiza fedha nyembamba kwa kalibu za chuma, ndani wakijaza lami au plasta ili kinara kisimame imara. Navyo ni vizuri, hasa vyenye umbo la nguzo za mahekalu ya kale, lakini usivilipie bei ya vile vya kusubu.

Kisha soma mihuri, alama ndogo za Kiingereza zilizogongwa kwenye fedha. Simba anayetembea ni fedha ya sterling, sehemu 925 kwa 1000. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji, hadi 1974, ni Sheffield; Birmingham na Sheffield zilipata ofisi zake za kupima fedha mwaka 1773. Kikombe cha mshumaa kikiwa cha kuchomoa, nacho kitafutie muhuri. Ukiona EPNS, hapo fedha ni ngozi tu, imepakwa kwa umeme.

Moyo wangu uko kwa vya enzi ya Mfalme George I. Kitako cha pembe nane, shina lenye mafundo, hakuna ua wala jani. Mchana waweza kukipita usikione. Washa mshumaa: kila ubapa unashika mwali wake, na mwali ukiyumba, mwanga unahama ubapa hadi ubapa mpaka kitakoni. Makombe ya baharini na majani ya mitindo iliyofuata sijaona yakifanya hivyo.

Nta iliyoganda usiikwangue kwa kisu. Cha kusubu kioshe kwa maji ya moto, itaachia yenyewe. Cha kujazwa usikizamishe kamwe, maji yakiingia ndani hayatoki, na lami hulainika kwa joto. Vyangu vya plasta navifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kisha naviwasha wageni wakija.